Kabla ya kuhariri jeni, tumtoboe mtoto kisigino

Tangu Uingereza ilipoidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi tunauita sikoseli, Novemba 2023, na Marekani ikafuata Desemba mwaka huohuo, habari hiyo imekuwa ikirudi Dar es Salaam kila baada ya miezi michache kana kwamba ndiyo kwanza imetoka. Huanza na kipande cha video, kikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya jumuiya, na kikimfikia mzazi mwenye mtoto mgonjwa huwa kimeshafupishwa kuwa maneno manne: dawa ya sikoseli imepatikana. Sambamba nayo kuna hoja ya siku nyingi, inayosikika kwenye mafundisho ya uchumba na vipindi vya redio, kwamba vijana wakipima damu kabla ya ndoa ugonjwa huu utakwisha wenyewe. Hoja hizi mbili zinaonekana kuwa mbalimbali, lakini zimetoka tumbo moja. Zote zinaichukulia selimundu kuwa ni shauri la jeni tu, ama ikarekebishwe maabara, ama izuiwe mlangoni mwa msikiti na kanisa. Kwa maoni yangu zote mbili zinatupotezea shabaha. Jeni ndiyo chanzo cha ugonjwa, hilo halina ubishi. Ila kinachowamaliza watoto wetu wengi wenye selimundu kabla hawajafika darasa la kwanza ni vijidudu vya kawaida, damu kupungua ghafla, na wazazi kuchelewa kuambiwa mtoto ana nini. Hayo yote yana majibu ya bei nafuu, na sehemu kubwa ya majibu hayo yamejulikana tangu miaka ya themanini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana mjadala mwingi unairuka hatua hii. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya mwenye selimundu si sawa na ya mtu mwingine, na katikati ya miaka ya hamsini Vernon Ingram akalipata kosa lenyewe: kwenye mnyororo mmoja wa protini hiyo, nafasi ya sita, asidi amino iitwayo glutamati imeondoka na valini imekaa mahali pake. Ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika. Kwa sababu ya herufi hiyo, himoglobini ikishaachia oksijeni hushikana na kufanya nyuzi ndefu, seli inapinda mithili ya mundu, inakwama kwenye mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yenye umbo la mundu haivuki wiki mbili au tatu. Huko ndiko yanakotoka maumivu ya mifupa, macho ya manjano, kuongezewa damu kila mara na, kwa baadhi ya watoto, kiharusi.

Mtoto huugua akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Akiirithi kwa mmoja tu anakuwa mbebaji, yule ambaye cheti chake cha maabara huandikwa AS, na mbebaji si mgonjwa. Tena ana faida ambayo wengi hawaambiwi. Mwaka 1954 Anthony Allison, baada ya kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, alieleza kwamba wabebaji wanakingwa dhidi ya malaria, na tafiti zilizofuata zimethibitisha kuwa kinga hiyo ni kubwa hasa kwa malaria kali, ile inayoua watoto wadogo. Ndiyo sababu jeni hii imejaa maeneo yenye mbu wengi na wala haikufutika kwa vizazi. Kwa hiyo anayemwambia binti wa watu kuwa ana damu mbaya kwa kuwa cheti chake kinasoma AS, anamtukana kwa jambo ambalo huenda ndilo lililowavusha bibi zake hadi akazaliwa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 wanaozaliwa nao kila mwaka. Kwa Dar es Salaam tuna picha ya karibu zaidi. Kati ya 2015 na 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa katika hospitali za Muhimbili na Temeke. Wanane katika kila elfu walikuwa na selimundu, na wabebaji walikaribia 13 katika kila mia. Muhimbili pia imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na matokeo ya miaka ya mwanzo, yaliyochapishwa 2011, yanatosha kumnyamazisha anayedhani ugonjwa huu unaua kwa kasi ileile katika kila umri. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, vifo vilikuwa karibu viwili kwa kila wagonjwa mia kwa mwaka. Kwa walio chini ya miaka mitano vilizidi saba. Na hao ni watoto waliokwisha kupata daktari wakaandikishwa kliniki. Wale ambao hawakufika Muhimbili hawamo kwenye hesabu hiyo.

Kwa nini wadogo ndio wanaokufa zaidi? Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima, analia, ananyonya, anapigwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, begani na kurudi nyumbani. Miezi ya mwanzo damu yake bado imejaa himoglobini ya mimbani, ile aliyoitengeneza akiwa tumboni, ambayo haina lile kosa. Kadiri hiyo inavyopungua na ya utu uzima inavyoshika nafasi, kuanzia kama mwezi wa sita, vidole vya mikono na miguu vinavimba, homa zinaanza, na mama anaanza safari ninayoamini kila mkazi wa jiji hili anaijua: duka la dawa la mtaani, dawa ya malaria, dawa ya kikohozi, zahanati, duka la dawa tena, na katikati yake shangazi anayeshauri mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa tiba asili kwa sababu huo mguu umeingiliwa. Wakati safari hiyo inaendelea, bandama ya mtoto inaharibika. Kazi mojawapo ya bandama ni kuchuja bakteria kwenye damu, hasa wale wenye ganda nje yao. Seli zenye umbo la mundu huiziba kidogokidogo mpaka inaacha kufanya kazi, mara nyingi kabla mtoto hajamaliza miaka yake ya kwanza michache. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walipochambua miaka kumi ya wagonjwa wa hospitali ya huko na kuchapisha matokeo 2009, walikuta mtoto mwenye selimundu ana uwezekano mara 26 zaidi wa kupata bakteria kwenye damu kuliko mwenzake asiye nayo. Aliyeongoza ni Streptococcus pneumoniae, bakteria yuleyule wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, ambaye kwa watoto wengine hukaa puani bila neno.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 1986 Wamarekani walitangaza matokeo ya jaribio la penisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku, kwa watoto wadogo wenye selimundu. Maambukizi ya bakteria huyo yalipungua kwa asilimia 84, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa haikuwa haki tena kuendelea kuwanyima wengine. Penisilini! Dawa ambayo kila zahanati ya kata inaijua. Jamaica nao, chini ya Graham Serjeant, walikuwa wameanza tangu 1973 kuwapima watoto siku wanapozaliwa na kuwafuatilia, wakagundua jambo ambalo halihitaji hata dawa: wakamfundisha mama kupapasa tumbo la mwanawe upande wa kushoto, chini ya mbavu. Bandama ikivimba ghafla inafyonza damu nyingi, na mtoto anaweza kufa kwa saa chache. Mama akiihisi imekua, anamkimbiza hospitali aongezewe damu. Vifo vya namna hiyo vilishuka sana baada ya mafunzo hayo. Vidole vya mama na somo la nusu saa, basi. Lakini huwezi kumfundisha mama kupapasa bandama ya mwanawe wakati hajajua kuwa mtoto ni mgonjwa. Penisilini, somo la bandama, ratiba ya chanjo isiyorukwa (chanjo ya nimonia tunayo kwa watoto wote tangu 2013), vyote vinategemea tone moja la damu ya kisigino mtoto akiwa mchanga.

Sasa niwasikilize wanaoshangilia tiba ya jeni, kwa sababu wana hoja nzito na si haki kuwabeza. Tiba iliyoidhinishwa 2023 ni kazi ya akili kubwa. Wataalamu huchukua seli shina za mgonjwa, zile zinazozaa seli za damu, wakatumia mkasi wa kukata DNA uitwao CRISPR kuzima swichi iitwayo BCL11A, ile inayosimamisha utengenezaji wa himoglobini ya mimbani baada ya mtu kuzaliwa. Swichi ikizimwa, himoglobini hiyo ya mimbani inarudi na seli hazipindi. Kati ya wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa vya kutosha ilipoidhinishwa Marekani, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Mtu aliyelazwa kwa maumivu hayo hawezi kuambiwa aridhike na penisilini, na kijana wa miaka 20 aliyekwisha kupata kiharusi hafaidiki lolote na kipimo cha watoto wachanga. Vilevile, upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) ulioanza kufanyika kwa watoto wenye selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023, umethibitisha kwamba kazi hii inawezekana kwa mikono ya Watanzania, na hospitali inayopandikiza uloto hulazimika kuimarisha maabara, benki ya damu na chumba cha wagonjwa mahututi, mambo ambayo yanawafaa wagonjwa wengine wote. Hoja hiyo naikubali bila kinyongo.

Ninachokataa ni kuifanya tiba hiyo jibu la swali la watoto 11,000. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5, kabla hujalipa kitanda. Mgonjwa anapewa kwanza dawa kali za saratani kuua uloto wa zamani, anakaa hospitali wiki kadhaa, na anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Upandikizaji wa uloto ni nafuu zaidi kwa bei lakini unahitaji mtu wa kuchangia anayelingana naye, na uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya wanne. Tena tiba ya jeni ilipoidhinishwa ilikuwa ya walio na umri wa miaka 12 na kuendelea. Hata ingeletwa bure kesho asubuhi pale Upanga, isingemgusa mtoto wa miezi 14 anayekufa kwa nimonia Kitunda huku kadi yake ikisoma malaria.

Hoja ya kupima kabla ya ndoa ndiyo dhaifu zaidi, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi, pengine kwa kuwa haimgharimu serikali chochote na inampa kila mtu nafasi ya kumhubiria mwenzake. Tuitazame kwa hesabu. Kama wabebaji ni 13 katika mia, na watu wakioana bila kuangalia damu, ndoa moja hivi katika kila 60 itawakutanisha wabebaji wawili. Ndoa hiyo moja ukishaipata, mara nyingi posa imeshapokewa na sare zimeshachaguliwa. Saudi Arabia waliweka kipimo hiki kuwa cha lazima mwaka 2004, wakiwa na fedha, maabara na ndoa zinazoandikishwa karibu zote. Kufikia 2009 karibu nusu ya wachumba walioambiwa wako hatarini walioana vilevile. Watetezi hutaja Cyprus, ambako watoto wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa himoglobini, wamepungua hadi kukaribia sifuri. Wanachoacha kukisema ni kwamba wachumba wa Cyprus kwa sehemu kubwa hawakuachana. Walioana, mimba zikapimwa, na nyingi zilizokuwa na ugonjwa zikatolewa. Sheria yetu hairuhusu njia hiyo, na sidhani mashehe na wachungaji wanaoihubiri Cyprus wangeifurahia. Halafu tuzungumze ukweli kuhusu jiji letu: watoto wangapi Dar es Salaam huzaliwa kabla ya harusi, au bila harusi kabisa? Kipimo cha mlangoni mwa ndoa kinawangoja watu ambao wengi wao wameshapita.

Kupima kuna manufaa, na anayetaka kujua hali yake apime, ila asaidiwe na mshauri anayejua kusoma majibu. Nimeona uchumba ukivunjwa kwa sababu binti ni AS ilhali mchumba ni AA (hana jeni hiyo kabisa), watu wawili ambao kwa jeni hii hawawezi kuzaa mtoto mgonjwa hata wakizaa kumi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa wahudumu wa afya wenyewe. Wanauliza: mkishamgundua mtoto, mtampa nini? Penisilini ya maji inakosekana dirishani, kliniki za selimundu ni chache, na haidroksiyurea, dawa inayoongeza ile himoglobini ya mimbani, ni ghali kwa kipato cha mama ntilie. Swali ni la haki. Jaribio la REACH, lililofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019, liliondoa hofu kuwa dawa hii ingewaletea watoto wetu malaria na maambukizi mengine. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, na vifo vikashuka. Lakini dawa iliyozoeleka sokoni ni kapsuli ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa miligramu 20 kwa kila kilo, anahitaji 240 kwa siku. Mama mmoja wa Mbagala alinionyesha anavyofanya: anaifungua kapsuli, anamimina unga kwenye kikombe cha plastiki, anavuta maji mililita 10 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anakoroga, anampa mtoto tano, zinazobaki anamwaga. Hana glovu, na dawa hiyo ni ya jamii ya dawa za saratani, haitakiwi kushikwa ovyo. Nusu ya fedha yake inaishia kwenye sinki kila asubuhi. Tatizo hilo halihitaji mshindi wa Nobeli. Linahitaji mtu wa manunuzi aagize kidonge kidogo cha watoto, au mfamasia wa hospitali ya mkoa awatengenezee ya maji.

Ndiyo maana siafiki kwamba tusipime mpaka dawa zijae. Dawa hazitajaa kwa ugonjwa usio na idadi. Bohari ya Dawa huagiza kwa kufuata mahitaji yaliyoletwa na vituo, na kituo kisichopima hakina mahitaji ya kuleta. Upimaji ndio utakaozaa oda ya penisilini. Tena sehemu ya kazi inaweza kuanza na kilichopo: somo la bandama, ratiba ya chanjo, na onyo kwamba homa ya mtoto huyu haisubiri kesho. Na tuache kutegemea kile kipimo cha zamani cha kuangalia seli zikipinda kwenye hadubini. Kwa mtoto mchanga hakifai, kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini ya mimbani, na kwa mkubwa hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Vipo vipimo vya haraka vya tone la damu, vya dola chache, vinavyotoa jibu mama akiwa bado amekaa kwenye benchi.

Wanaosubiri tiba ya jeni wana sababu ya kuungana nasi hapa. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, na Taasisi ya Gates zilitangaza kuweka kila moja dola milioni 100 kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazoweza kutolewa katika nchi kama zetu, na lengo mojawapo ni tiba inayoingia moja kwa moja mwilini bila kung'oa uloto. Ikifanikiwa, nchi zitakazoipata mwanzo ni zile zinazojua wagonjwa wake ni akina nani, wako wapi na wana umri gani. Daftari hilo linaanzia wodi ya wazazi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na kitita cha mafao ndipo mahali pa kulipigania hili: kipimo cha selimundu kwa mtoto mchanga, penisilini hadi miaka mitano, na haidroksiyurea ya kipimo cha mtoto, viwe vya msingi kwa kila mwanachama. Kwa Dar es Salaam ningeanzia Amana, Temeke na Mwananyamala, ambako akina mama wengi hujifungulia. Mtoto atobolewe kisigino siku ya BCG, na jibu liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya kliniki, palepale muuguzi anapoangalia uzito. Aliyezaliwa nyumbani au aliyeruhusiwa usiku kabla ya kupimwa atakamatwa wiki ya sita, anapoletwa kwa chanjo ya kwanza ya nimonia. Wiki ya sita bado hajachelewa: dalili hazijaanza, na penisilini inatakiwa ianze kati ya mwezi wa pili na wa tatu.